Muuguzi Aliyeniganda

Kwa Mheshimiwa Daktari Mkuu wa Hospitali,

Kuhusu: Ombi la kuhamishwa kwa muuguzi wa wodi ya upasuaji, na kurudishiwa uzito wa damu yangu

Natumaini barua hii itakufikia ukiwa mzima, na umekaa mahali pazuri. Kama umesimama, tafadhali kaa kwanza, maana malalamiko yenyewe yanahusu jambo hilo hilo.

Mimi ni fundi makochi. Karakana yangu iko nyuma ya soko, na wengi hunijua kwa jina la Bwana Kochi, jina ambalo sikujipa lakini sijalikataa. Kazi yangu si kupigilia misumari na kuvuta kitambaa tu. Hilo hata mafundi wawili ninaoshirikiana nao wanaliweza. Kazi yangu hasa ni kukaa. Kochi haliondoki karakanani kabla sijalikalia mwenyewe, nikasikiliza springi zake, nikaegemea, nikasinzia kidogo, nikahamia upande wa pili. Wateja wananiamini kwa sababu wanajua kwamba kochi lililonibeba mimi litawabeba wao, wageni wao, na watakaokuja bila kualikwa. Kwa hiyo unaposoma malalamiko yangu juu ya kukaa na kulala, ujue yanatoka kwa mtaalamu.

Ni kweli kwamba mwili ulinizidi. Sukari ilipanda, pumzi ikawa inakatika kwenye ngazi, na mwaka huu makochi yangu mawili yalivunjika nikiyapima, mbele ya wenyewe waliokuja kuyachukua. Daktari wako wa upasuaji akanishauri tumbo lipunguzwe. Alinieleza kwa adabu: wangepitia kwenye matundu madogo, tumbo likatwe, libaki la ukubwa wa ndizi moja. Nikakubali. Kuhusu tumbo sina lawama hata chembe. Lawama zangu ni juu ya yule dada muuguzi wa wodi, yule mfupi mwenye viatu vyeupe visivyotoa sauti, na nimezipanga kwa namba ili usipate taabu.

1. Damu. Nilikuja kupunguza uzito wa mwili. Kabla ya operesheni muuguzi alinijia na sindano, akasema ni ya kuifanya damu iwe nyepesi. Nikamwuliza nani amemwambia kwamba damu yangu ni nzito. Akanieleza kwamba mtu mwenye mwili mkubwa akipasuliwa, kisha akalala tu, damu huweza kuganda ndani ya mishipa ya miguu, na lile donge likichomoka husafiri hadi kwenye mapafu na kuziba njia. Nilimsikiliza mpaka mwisho, kama nilivyolelewa. Lakini, Mheshimiwa, tulikubaliana tumbo. Damu haikuwamo. Ukiniletea kochi nibadilishe kitambaa, siwezi kukupunguzia sponji kwa siri halafu nikuambie ni kwa faida yako. Katika ukoo wetu mtu wa damu nzito anasifiwa: ni mtulivu, hakurupuki, akiitwa anafikiria kwanza kama ni lazima aende. Nimetoka hospitali nikiwa mwepesi nje na ndani. Na sindano yenyewe hupigwa wapi? Tumboni. Yaani tumbo limeshakatwa likabaki ndizi, na bado linaandamwa.

2. Soksi. Nilivishwa soksi nyeupe ndefu, za kubana, kutoka vidoleni hadi mapajani. Ilibidi muuguzi aite mwenzake wazivute pamoja. Mimi navuta vitambaa vya makochi kwa mikono hii, na najua kitambaa kinapokuwa kidogo kuliko kochi. Nikawaambia, bila kuwakwaza, kwamba hapa fundi wenu amekosea vipimo. Yule dada akanijibu, akiwa anahema, kwamba fundi hajakosea, zimeshonwa hivyo makusudi zisukume damu irudi juu. Juu ya soksi wakafunga mifuko ya upepo iliyounganishwa na mashine. Ikawa inajaa, inanikamua mashavu ya miguu, inaachia, inakamua tena, kama mteja anayebonyeza mito dukani bila nia ya kununua.

3. Safari zisizo na shughuli. Siku ile ile ya operesheni, ulimi bado mzito, nikasikia, “Baba, amka twende.” Nikamwuliza twende wapi. Akasema dirishani. Nikamwuliza dirishani kuna nini. Akasema, “Hakuna kitu. Tukifika tunarudi.” Mimi ni mtu mzima, Mheshimiwa. Tangu nianze kujitegemea sijawahi kutoka mahali kwenda mahali pasipo na kitu ili nirudi. Nilipokataa, akaniambia basi angalau nichezeshe nyayo nikiwa nimelala, kama ninayekanyaga cherehani. Nikamfahamisha kwamba cherehani yangu ya miguu iko karakanani, na huko kuna mtu wa kuikanyaga. Alinishika vifundo akaanza kunikanyagisha yeye mwenyewe.

4. Mkwe. Hili nilitaka kulinyamazia, lakini aibu ikifichwa nayo inaganda. Mama mkwe wangu alikuja kunitazama, amevaa vizuri, ameongozana na mashemeji zangu. Watu hawa walitoka kwao wakijua wanakwenda kumwona mgonjwa. Mgonjwa analala, Mheshimiwa. Anafumba macho, anasemewa pole, anaitikia kwa sauti ndogo. Badala yake walinikuta katikati ya korido, nimevaa joho lenu lile lililo wazi kwa nyuma, na soksi za mapajani, nimeshikwa mkono na dada ambaye hawamfahamu, natembea. Na kwa bahati mbaya nilikuwa nakwenda, sikuwa narudi, kwa hiyo walioniona waliniona kwa nyuma. Mama mkwe aligeukia ukuta na kuusoma ule ubao wa maelekezo ya kuzima moto mpaka nikapita. Tangu siku hiyo hajaniuliza hali. Shemeji yangu mkubwa anawaambia watu kwamba sikuwa naumwa, nilikwenda kupunga upepo.

5. Hili lilihusu sigara, ambazo muuguzi alinitaka niziache muda mrefu kabla ya operesheni. Mke wangu husahihisha barua zangu zote kabla hazijatoka nyumbani. Nilipomdokezea hili la tano alisema nikiliandika, basi nitafute msahihishaji mwingine. Nimelifuta.

6. Kaka yangu. Hili ndilo kubwa, na ninaliandika pole pole.

Marehemu kaka alikuwa fundi wa paa. Aliteleza, akavunjika mguu, akafungwa plasta, akarudishwa nyumbani kwa mama. Mama yetu ni mlezi wa kweli. Alimwambia asisogeze hata kidole, na hakuna aliyewahi kumbishia mama akabaki na hoja. Alimlisha kwa mkono wake. Maji alimnywesha kidogo kidogo, ili asiwe na haja ya kuinuka. Mimi nami sikubaki nyuma: nilimtengenezea kochi refu, sponji mbili moja juu ya nyingine, sehemu ya kuwekea mguu, mfuko wa pembeni wa redio. Ni kazi yangu bora mpaka leo. Kaka alikaa humo wiki baada ya wiki, amestarehe, tena alitunzwa vizuri hata mguu ukanenepa, plasta ikaanza kumbana. Hakuna lililompata. Kisha siku moja wageni wakabisha hodi, mama alikuwa uani, na kaka akasimama kwenda kufungua. Alipiga hatua chache. Akashika kifua, akasema hapati pumzi, na kabla mama hajafika mlangoni alikuwa ameshaanguka. Tulimzika kesho yake.

Kwa hiyo sisi, katika nyumba yetu, tunajua kinachoua. Ni kusimama. Kaka alilala salama, akafa aliposimama, na huhitaji kuwa daktari kuliona hilo. Sasa jaribu kunifikiria mimi, nimetoka kupasuliwa, mama ameshika mkono wangu wa kushoto ananivuta nilale, muuguzi wako ameshika wa kulia ananivuta niamke, na mimi katikati namwona kaka pale mlangoni. Niliogopa sana, Mheshimiwa. Sikumwambia yule dada sababu. Alidhani ni uvivu, akaniita Bwana Kochi kwa utani, na mimi nikamwacha adhani hivyo.

7. Kuganda kwenyewe. Nimetafakari sana neno hili. Muuguzi huyu amejitangaza kuwa adui wa kuganda. Mabango yake ukutani yanapinga kuganda, sindano zake zinapinga kuganda, soksi zinapinga kuganda. Lakini tangu nizaliwe sijaona kiumbe kinachoganda kama yeye. Ameniganda kama kupe. Nimeruhusiwa kurudi nyumbani, bado ananipigia simu kila asubuhi: “Baba, umechoma sindano? Soksi ziko mguuni? Umetembea? Maji unakunywa? Mguu hauumi?” Natakiwa kuendelea na sindano nyumbani, nijichome mwenyewe kama mto wa kuchomekea pini. Kwa ufupi, damu yangu haijaganda. Aliyeganda ni mfanyakazi wako.

Kwa sababu hiyo nimechukua hatua. Soksi zimefuliwa na mama, ambaye amekuja kukaa nasi mpaka nipone, na baada ya kuanikwa hazijaonekana tena, na sijamsumbua kwa maswali. Sindano namwambia mke wangu nimechoma. Kwa simu, namjibu muuguzi kwamba kila kitu ni kizuri, maana ndivyo mtu mstaarabu anavyojibu anapojuliwa hali. Kutembea nimeacha. Barua hii naiandika nikiwa kwenye kochi langu, miguu nimeikunja chini yangu, tangu asubuhi, na mama amenisogezea kila kitu karibu. Hatimaye naugua kwa heshima.

8. Kasoro katika operesheni. Nilisema sina lawama kuhusu kupunguzwa, lakini nikiwa naandika nimegundua jambo. Tangu juzi mguu wa kushoto umeanza kunenepa upya. Wa kulia unaendelea kupungua vizuri, suruali inapwaya, lakini wa kushoto umejaa, shavu la mguu limekaza, kandambili inabana, na una joto lake wenyewe kama chungu kilichotoka jikoni. Nikiukanyagia unauma. Mama ameutazama, amefurahi, anasema ni dalili kwamba chakula kimeanza kufika mwilini. Mimi sijafurahi. Nilipunguzwa mwili mzima, sikupunguzwa upande mmoja. Kochi lenye mkono mmoja mnene hurudishwa kwa fundi.

Kutokana na hayo, naomba yafuatayo. Kwanza, muuguzi huyu ahamishiwe wodi ambayo wagonjwa hawatarajiwi kutembea, kama ile ya watoto wachanga, ambako bidii yake haitamdhuru mtu. Pili, nirudishiwe uzito wa damu yangu kama nilivyokuja nao. Tatu, mguu wa kushoto upunguzwe ulingane na mwenzake. Nne, korido ya wodi ya upasuaji iwekwe makochi, moja kila baada ya hatua chache, ili mgonjwa anayeburutwa kwenda dirishani awe na mahali pa kukimbilia. Makochi hayo niko tayari kuyatengeneza mwenyewe na kuyakalia yote kabla ya kuyaleta.

Sina chuki na mtu. Naomba unisalimie daktari wa upasuaji na mikono yake, mpishi wa supu isiyo na kitu, mzee wa getini aliyeniazima kofia siku naondoka, jirani yangu wa kitanda cha pili aliyekuwa akijifanya amelala kila muuguzi akipita, na hata huyo dada mwenyewe, mradi salamu zimfikie akiwa wodi nyingine.

Mimi mgonjwa wako mtiifu, niliyekaa,

Fundi Makochi wa nyuma ya soko


Nyongeza.

Barua hii imechelewa kukufikia. Mke wangu aliichukua kuisahihisha. Alicheka kwenye soksi, alisonya kwenye sindano, na alipofika la nane aliiweka chini, akaja akanishika mguu wa kushoto, halafu wa kulia, halafu wa kushoto tena. Alimpigia simu yule dada. Mimi nilikuwa tayari kuinuka nijitetee, na nikasikia sauti kwenye simu ikisema, “Mwambie asisimame. Mleteni sasa hivi, na mumbebe.” Nilidhani sikusikia vizuri.

Mafundi wangu wawili walinibeba na kochi nililokuwa nimekalia, wakanipakia kwenye gari la kupelekea mizigo ya wateja. Nikapita barabara nzima ya soko nikiwa nimekaa juu ya kochi, mama pembeni yangu, watu wakinipa pole kutoka kwenye vibanda vyao. Ilikuwa ndiyo heshima yote niliyokuwa naidai, na sikuifurahia hata kidogo. Nilikuwa nikisikiliza kila pumzi kama inatosha.

Walinipaka mafuta ya baridi mguuni, wakapitisha mashine ile wanayopimia wajawazito. Donge lilikuwepo, nyuma ya goti. Lilikuwa halijaondoka. Sindano zimeanza upya, tena nyingi zaidi, na nimezikaribisha kwa jina.

Nilipopata sauti nilimwambia muuguzi habari za kaka, zote, mpaka wageni walipobisha hodi. Mama alikuwa ametoka kwenda kunitafutia shuka. Yule dada alikaa kitandani kwangu, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya, akaniuliza kama mguu wa kaka ulivimba. Nikamwambia ulinenepa kwa matunzo. Aliutazama mguu wangu. Kisha akasema, taratibu, “Baba, si kule kusimama. Ni kule kulala.”

Kwa hiyo maombi yangu, la kwanza hadi la tatu, naomba yafutwe. Damu ibaki nyepesi kama wanavyotaka. Namba saba ibaki kama ilivyo, ila sasa si lalamiko. Muuguzi huyo asihamishwe. Aendelee kuniganda.

Imebaki habari ya mama. Yeye ndiye aliyemwambia kaka asisogee, na mimi ndiye niliyetengeneza kochi. Mimi nimeshajua, na nalibeba. Mama yuko hapa karibu na kitanda, anazeeka, na bado kila siku anamwambia mtu kwamba mwanawe angekuwa hai kama asingesimama. Akikuuliza wewe, au daktari yeyote, naomba asielezwe.

Leo daktari ameniruhusu kuinuka, na yule dada akaja. “Baba, amka twende.” Sikumwuliza wapi. Lakini mama alinishika mkono wa joho, hakuniachia, na machoni mwake nilimwona kaka. Nikamwambia, mama, kuna kochi mwisho wa korido, wananitaka nikalikague. Alifikiri kidogo. Akasema kama ni kazi, sawa, ila nikifika nikae. Akaniachia.

Hakuna kochi lolote mwisho wa korido, Mheshimiwa. Nilifika dirishani, nikarudi. Kesho nitakwenda tena, na kesho kutwa, na siku moja mama atataka kunisindikiza. Kwa sababu hiyo, lile ombi la nne nalifuta, isipokuwa kochi moja tu. Mafundi wangu watalileta kabla ya kesho. Naomba liwekwe kule mwisho kabisa, mbali na kitanda changu kadiri korido inavyoruhusu.